Gesi ya AC ya gari: Palma yanunua mitungi, yaacha panapovuja

PALMA, Cabo Delgado – Joto la mwambao wa kaskazini mwa Msumbiji huanza kupanda Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka. Ndio wakati ambao dereva wa pikapu hugundua kwamba AC ya gari lake inapuliza upepo wa moto. Hatua inayofuata inafahamika kuanzia Pemba hadi Mtwara. Anatafutwa mtu mwenye mtungi, boneti inafunguliwa uani chini ya mwembe, mpira unachomekwa, na baada ya dakika kumi baridi imerudi. Wiki sita baadaye dereva yuko pale pale chini ya mwembe, anafungua pochi tena.

Kwa haraka hili ni jambo la nyumbani lisilomhusu mchumi. Lakini gesi inayojazwa ni bidhaa ya kutoka ng'ambo, hasa Uchina na India. Inafika kwa meli Dar es Salaam, Nacala au Durban, inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa ambao Msumbiji na Tanzania zote zimeuridhia, na kuanzia mwaka 2029 kiasi kinachoruhusiwa kuingia katika nchi hizo kitaanza kukatwa. Ukanda wa Palma na Mocímboa da Praia unaingia katika kipindi hicho huku magari yakiongezeka na mazoea ya kujaza bila kutengeneza yakiwa yale yale.

Magari yameongezeka kwa sababu inayojulikana. Mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ya TotalEnergies iliondoa tamko lake la Aprili 2021, lililosema kwamba haiwezi kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tamko hilo lilitolewa baada ya wapiganaji kuvamia mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021. Mradi wa Afungi, wenye thamani ya dola bilioni 20 hivi, ulisimama kwa zaidi ya miaka minne. Kuanza tena kwake kunamaanisha wakandarasi, wakandarasi wadogo, wenye magari ya kukodisha na wenye mabasi madogo ya abiria wote wanatafuta gari lenye kuweza kufanya kazi mchana kutwa kwenye vumbi na joto. Gari lisilo na AC katika kazi hiyo hushushwa bei au hukosa mkataba kabisa, kwa kuwa hakuna mteja anayetaka kufungua vioo kwenye barabara ya mchanga kati ya Mocímboa da Praia na Palma.

Hapo ndipo mwenye gari mdogo anapobanwa. Gereji yenye mashine kamili za AC ipo mbali, Pemba au Nampula kwa upande wa Msumbiji, Mtwara kwa upande wa Tanzania. Kwa hiyo kazi inafanyika nyumbani, na aghalabu inafanyika nusu.

Gesi haiishi kama petroli

Kosa la msingi ni kudhani kwamba gesi ya AC hutumika ikaisha. Petroli huungua. Gesi ya AC haiungui wala haipungui kwa kufanya kazi, inazunguka tu. Kompresa inaisukuma, inafika kwenye kondensa mbele ya rejeta na kutoa joto nje, inageuka kimiminika, inapita kwenye valvu nyembamba, kisha inachemka ndani ya evapoleta nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la chumba. Halafu inarudi kwenye kompresa na kuanza upya. Gari lenye mfumo mzima usiovuja linaweza kukaa miaka mingi bila kuongezwa kitu. Kama AC imepoteza baridi ndani ya miezi miwili kwa sababu ya kupungukiwa na gesi, basi kuna mahali panavuja, na kila gramu iliyonunuliwa imekwenda angani.

Hesabu yake ni rahisi. Magari mengi madogo na pikapu huchukua kati ya gramu 400 na 900 za gesi ya R-134a, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Tuchukue gari la gramu 600. Mtungi wa kawaida sokoni una kilo 13.6, kwa hiyo unatosha magari 22 ya aina hiyo na kubaki kidogo. Lakini gari linalovuja na kujazwa upya kila baada ya miezi miwili linakunywa kilo 3.6 kwa mwaka, yaani zaidi ya robo ya mtungi. Magari manne ya namna hiyo yanamaliza mtungi mzima kwa mwaka na bado yanadai. Mtungi ambao ungehudumia magari 22 yaliyotengenezwa vizuri unahudumia magari manne mabovu, tena vibaya.

Mwenye kuuza gesi hana sababu ya kulalamika. Mteja anayerudi kila baada ya wiki sita ni mteja mzuri kuliko anayerudi baada ya miaka sita. Si kwamba mafundi wana hila. Mnunuzi analipia baridi ya leo, na fundi anayemwambia alipie kwanza siku nzima ya kutafuta tundu anajua kwamba jirani yake atamaliza kazi kwa dakika kumi. Soko lisilo na dhamana ya kazi huwapa ushindi wanaofanya haraka.

Hasara nyingine huonekana baadaye. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa ndogo, oili hairudi ya kutosha, na kompresa hufanya kazi ikiwa kavu mpaka ikamatane. Hapo chembe za chuma husambaa kwenye mabomba yote, na mwenye gari hununua kompresa, kondensa na valvu kwa mpigo. Kilichoanza na oringi moja ya mpira iliyokauka kinaishia kwenye gharama ya miezi mingi ya faida.

Chumvi, vumbi na magari yaliyolala

Mwambao huu una ugumu wake. Kondensa nyingi ni za alumini, zimewekwa mbele kabisa ya gari, na upepo wa bahari unaleta chumvi. Chumvi inakula alumini kidogo kidogo hasa kwenye maungio. Kokoto za barabarani zinamalizia. Vumbi nalo linaziba mapezi ya kondensa, joto linakosa pa kutokea, presha inapanda, na maungio yaliyokwisha kudhoofika ndiyo yanayoachia kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika wangefaa kulitazama. Kompresa inayoendeshwa na mkanda ina sili kwenye shafti yake, na sili hiyo hubaki na unyevu wa oili kwa sababu AC inawashwa. Gari likikaa mwaka mzima bila kuwashwa, sili hukauka na gesi hupenya polepole. Magari yaliyoegeshwa tangu 2021, mengine yakiwa Pemba, mengine yakiwa yamehamishiwa mikoa ya kusini, yanarudi kazini na ugonjwa huo. Yanaonekana mazima, rangi inang'aa, kilomita ni chache, na AC haina kitu. Mnunuzi anayeambiwa "inataka gesi tu" anapaswa kusikia neno "inavuja".

Unyevu wa hewa pia huwapotosha wengi. Katika hewa nzito ya pwani, sehemu kubwa ya nguvu ya AC hutumika kugeuza mvuke kuwa maji kabla ya kupoza hewa yenyewe. Ndiyo maana gari zima hudondosha maji chini likiegeshwa. Dereva aliyezoea baridi ya nyanda za juu za Mueda akishuka Palma anaweza kudhani AC imechoka, anajaziwa gesi isiyohitajika, na mfumo unazidiwa. Gesi ikizidi, baridi hupungua badala ya kuongezeka, na kompresa inaumia.

Kinachowezekana uani, na kisichowezekana

Si kweli kwamba kazi ya AC haiwezi kufanyika nyumbani. Sehemu kubwa ya uchunguzi haihitaji mtungi hata kidogo. Kondensa ioshwe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu kubwa, kutoka nyuma kuja mbele. Feni iangaliwe kama inazunguka AC inapowashwa. Chujio la hewa ya ndani, ambalo madereva wengi hawajui kama lipo, litolewe. Mara nyingine ndilo lililoziba. Fyuzi na rilei zibadilishwe kwa majaribio. Klachi ya kompresa isikilizwe kama inalia "tak" inapokamata. Kompresa isipokamata, sababu inaweza kuwa umeme, na inaweza pia kuwa swichi ya presha inayoikinga baada ya gesi kwisha.

Kisha itafutwe alama ya oili. Panapovuja gesi hutoka na oili, na oili hushika vumbi, kwa hiyo doa jeusi lenye utelezi kwenye maungio ni ushahidi wa bure. Povu la sabuni linaonyesha tundu kubwa. Tundu dogo linahitaji rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kumulikwa kwa taa ya urujuani, kifaa kisicho ghali.

Geji nayo inahitaji kusomwa kwa akili. Gari likiwa limezimwa na hali ya hewa ikiwa nyuzi 30, R-134a safi huonyesha presha ya karibu psi 97, iwe mfumo una gramu 600 au una gramu 150, ilimradi ndani bado kuna tone la kimiminika. Fundi anayesoma geji ya gari lililozimwa na kutangaza kwamba "gesi ipo" hajapima chochote isipokuwa joto la siku hiyo. Injini ikiwa inafanya kazi, upande wa chini husoma psi 25 mpaka 45 na upande wa juu psi 200 au zaidi kidogo katika joto la pwani. Hata hapo kipimo cha kuaminika ni mizani. Gesi hujazwa kwa gramu. Mizani ya kawaida ya dukani inayosoma gramu inatosha: mtungi unawekwa juu yake na kinachotoka kinahesabiwa.

Kabla ya kujaza, mfumo uliofunguliwa au uliokwisha kabisa unatakiwa kuvutwa hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na pwani ndipo inapohitajika kuliko kote. Hewa iliyoingia kwenye mabomba ina maji. Oili ya R-134a hunywa unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Maji hayo yakikutana na gesi na joto hutengeneza asidi, na kwenye valvu nyembamba huganda barafu na kuziba njia, ndipo dereva husema AC "inakuja na kupotea". Chini ya vakyumu maji huchemka hata bila moto, yakatoka yakiwa mvuke. Pampu ikizimwa na geji ikabaki ilipo kwa nusu saa, mfumo haupitishi hewa. Geji ikipanda, hakuna haja ya kufungua mtungi kwanza. Kwa maneno mengine pampu hutengeneza na hupima kwa wakati mmoja. Chujio la kukaushia, ambalo mafundi huliita draya, nalo hubadilishwa mfumo ukikaa wazi kwa muda.

Yapo mambo ya hatari yasiyo na mjadala. Injini ikiwa inafanya kazi, gesi iingie upande wa chini pekee, mtungi ukiwa umesimama. Ukifungua upande wa juu, presha ya gari inarudi kwenye mtungi na kopo dogo linaweza kupasuka mkononi. Mtungi usipashwe moto kwa jiko au tochi ya kuchomelea. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo kimiminika chake kikigusa jicho au ngozi kinagandisha nyama. Ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye shimo la gereji na kumkosesha mtu pumzi. Ikipita kwenye moto hutoa moshi wa sumu. Na kuimwaga angani gesi iliyobaki ili kufungua bomba, jambo linalofanyika kila siku, ni kutupa mali na kuvunja lengo la mkataba ambao nchi imeusaini.

Mtungi wenye jina la mwingine

Gesi inayopanda bei huvuta bidhaa bandia. Mwaka 2011 makontena ya friji yaliyowahi kutiwa gesi bandia nchini Vietnam yalilipuka, na wafanyakazi watatu walikufa katika matukio yaliyotokea Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulikuta kwamba gesi iliyouzwa kama R-134a ilikuwa na kloridi ya methili, inayojulikana kama R-40. Kemikali hiyo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Gari limejaa alumini: kondensa, evapoleta, mwili wa kompresa. Fundi anayefungua mfumo wa namna hiyo uani kwake hana onyo lolote.

Njia ya mkato nyingine ni gesi ya kupikia. Propani na butani zinapoza kweli, na ndiyo sababu friji nyingi mpya za nyumbani hutumia jamaa yao, isobutani, kwa gramu chache tu. Lakini evapoleta ya gari imo ndani ya chumba cha abiria, na ikitoboka, gesi inayowaka inajaa mahali penye watu, swichi za umeme na sigara. Mfumo uliochanganywa pia unaharibu mashine ya gereji itakayounyonya baadaye. Na kwa kuwa gesi ndiyo mazungumzo ya kila siku Palma, ieleweke kwamba gesi ya Afungi ni methani na haina kazi kwenye AC ya gari. Itakapoanza kusafirishwa itapozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Dereva anayepita nje ya uzio ataendelea kutegemea mtungi wa kutoka ng'ambo.

Mnunuzi anaweza kujikinga kidogo. Mtungi ukae kivulini mpaka ufikie joto la hewa, upimwe presha, na ilinganishwe na jedwali la R-134a. Isipolingana, si R-134a safi. Ikilingana bado si uthibitisho kamili, maana wachanganyaji huitafuta presha hiyo hiyo. Kifaa cha kutambua gesi kipo, ila bei yake inafaa muuzaji wa jumla au kituo cha forodha kuliko fundi mmoja.

Kigali mara mbili

Majeshi yaliyosaidia kuirudisha Mocímboa da Praia mikononi mwa serikali Agosti 2021 yalitoka Rwanda. Kwa bahati, mkataba utakaoamua bei ya gesi ya AC katika mji huo nao una jina la Kigali. Marekebisho ya Kigali kwa Itifaki ya Montreal yalipitishwa Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 2019. Gesi za kundi la HFC, R-134a ikiwamo, haziharibu tabaka la ozoni kama ilivyofanya R-12 iliyotangulia, lakini hupasha dunia joto. Kilo moja ya R-134a inahesabiwa sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Gari moja la gramu 600 likivuja lote ni kama kuchoma lita 370 hivi za petroli, bila kusogea hatua moja.

Nchi zinazoendelea za kundi la kwanza, ambamo zimo Msumbiji na Tanzania, zilitakiwa kusimamisha ongezeko la matumizi kuanzia 2024. Kipimo cha kuanzia kinatokana na wastani wa HFC wa miaka 2020 hadi 2022, pamoja na asilimia 65 ya kiwango cha msingi cha gesi za kundi la awali, HCFC. Mwaka 2029 watapunguza asilimia 10, mwaka 2035 asilimia 30, mwaka 2040 nusu, na mwaka 2045 asilimia 80.

Kwa kaskazini mwa Cabo Delgado miaka ya kipimo imeangukia vibaya. Mwaka 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa, mwaka 2021 Palma ilivamiwa, na mwaka 2022 mradi ulikuwa umelala. Kiwango ni cha taifa zima, si cha mkoa, na sehemu ya HCFC inakipa nafasi kidogo. Hata hivyo mkoa unaotarajia magari mengi zaidi utagombea mgawo uliohesabiwa wakati magari yake yalikuwa hayapo, na utagombea na Maputo, Matola, Beira na Nampula ambako waagizaji wenye leseni ni rahisi kupatikana.

Upande wa wazalishaji, Uchina ilianza kutoa mgawo wa uzalishaji wa HFC mwaka 2024, na bei ya R-134a katika soko lake ilipanda sana mwaka huo na uliofuata. Ulaya ilitangulia kuonja: ilianza kupunguza mwaka 2015, bei zikaruka mwaka 2017 na 2018, na mitungi ya magendo ikafuata. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Ruvuma utakuwa tofauti. Mgawo unapobana, tofauti kati ya bei ya mwenye leseni na bei ya mtaani ndiyo nauli ya mlanguzi.

Jiografia inampa nafasi. Kutoka Maputo hadi Palma ni zaidi ya kilomita 2,500. Kutoka Mtwara, ukivuka Kilambo kwenda Namoto, hazifiki 150. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko Negomano, mbali upande wa bara, na mwenye mzigo mdogo haoni faida ya kuzunguka kupitia Mueda. Mafundi wa pande zote mbili wanaelewana kwa Kiswahili, magari ni yale yale ya Japani yenye usukani kulia, na spea za Kariakoo zinafaa bila swali. Uhaba wa fedha za kigeni uliolalamikiwa na wafanyabiashara wa Msumbiji tangu 2024 unawasukuma zaidi kununua kidogo kidogo kutoka kwa jirani.

Kisheria njia hiyo ni nyembamba. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, lakini nafuu ya ushuru ya SADC inahitaji bidhaa iwe na asili ya ukanda, na gesi ya Uchina au India haina. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo hauwasaidii: Msumbiji ilijitoa COMESA mwaka 1997 na Tanzania mwaka 2000. Zaidi ya hapo, Kigali inaitaka kila nchi iwe na mfumo wa leseni za kuingiza na kutoa HFC, bila kujali kama mzigo ni kontena au mtungi mmoja. Tangu Januari 2022 forodha zina namba maalumu za gesi hizi: R-134a ina namba 2903.45, wakati R-1234yf iko 2903.51. Kabla ya hapo zilikuwa zimerundikwa pamoja na nyingine. Anayevusha mtungi akiuandika "vifaa vya gari" sasa anajiandikia kosa.

Ndiyo maana biashara yenye maana zaidi kuvuka Ruvuma si ya mitungi. Pampu ya vakyumu, geji, mizani, taa ya kutafutia, oringi za saizi zote, draya na kondensa mpya havina mgawo wala leseni ya gesi. Seti moja ikitumiwa na mafundi watano wa mtaa mmoja, kila mmoja akichangia, inajilipa kwa gesi isiyopotea: ukitengeneza magari manne tu yale ya kuvuja kila miezi miwili, umeokoa karibu mtungi mzima kwa mwaka. Mafunzo nayo yanaweza kuvuka. VETA ina chuo Mtwara, na Msumbiji ina taasisi yake ya mafunzo ya ufundi, IFPELAC. Kozi fupi ya AC za magari inayotolewa kwa Kiswahili ingewafikia mafundi wa Palma ambao Kireno chao ni cha sokoni.

Magari mapya yanakuja na kitanzi kingine. Ulaya ililazimisha magari yote mapya kuanzia Januari 2017 kutumia gesi isiyozidi kiwango cha 150, na Japani iliweka lengo la kiwango hicho hicho kwa mwaka 2023. Watengenezaji wamehamia R-1234yf, ghali mara nyingi kuliko R-134a na yenye kuweza kuwaka. Gari la Japani hufika mwambao huu likiwa na miaka kadhaa, kwa hiyo ya kwanza yameanza kuonekana na mengi yatakuja ndani ya muongo huu. Midomo yake ya kujazia ina umbo tofauti makusudi, ili gesi zisichanganywe, na soko tayari lina vipande vya kuunganisha vinavyoiondoa kinga hiyo. Anayenunua gari la aina hiyo afungue boneti kwanza na kusoma kibandiko, kisha aulize ni nani kati ya Mtwara na Pemba mwenye mtungi wake. Jibu likiwa hakuna, bei ya gari ijadiliwe upya hapo hapo.